Bundi hajui nani anaumwa

Mtaani Kirumba, jijini Mwanza, bundi akitua kwenye bati la nyumba yenye mgonjwa, watu huanza kunong'ona: kaleta uchuro, kuna mtu ataondoka. Wengine humrushia mawe.

Bundi anachofuata ni panya na wadudu. Penye mgonjwa taa huwaka hadi alfajiri, wadudu hujaa kwenye mwanga, na wanaokesha ndio wanaosikia mlio ambao usiku mwingine ungewapita usingizini. Mgonjwa akifariki, bundi hukumbukwa miaka. Akipona? Hakuna anayesimulia. Wanasaikolojia wanaifahamu vizuri tabia hii: akili hushika yanayothibitisha imani yake na kuyaacha yanayoipinga.

Chini ya jabali analolala bundi, na majabali Mwanza si haba, huenda ukaona kibonge cha manyoya makavu. Kibomoe kwa kijiti: ndani mna mifupa myembamba, pengine fuvu la panya na meno yake ya mbele bado ya njano. Bundi humeza windo zima, kisha hutema asichoweza kumeng'enya. Kwa mwenye ghala la mahindi, huyo ni mlinzi asiyedai mshahara.

Katika Athens ya kale, huko Ugiriki, bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wa hekima, akachorwa kwenye sarafu za fedha. Leo yumo kwenye sarafu ya euro 1 ya Ugiriki. Hekima hiyo nayo, kusema kweli, kabandikwa tu. Macho yake makubwa hayazunguki, hivyo hulazimika kugeuza kichwa kizima, polepole, kama mzee wa baraza.