Chemchemi Imejengewa, Mbona Mtoto Bado Anaharisha?

Maswali haya huulizwa na akina mama kwenye chemchemi za upande wa Butere na Busia, mtungi ukiwa tayari kichwani. Yanastahili kujibiwa vizuri.

Chemchemi yetu ina simiti na bomba, na maji ni meupe kabisa. Ya nini kuyatia dawa?

Kujengea chemchemi kunasaidia sana. Lakini mchumi Michael Kremer na wenzake walipofanya utafiti huku magharibi mwa Kenya, waliona kwamba ujenzi ulipunguza uchafu wa kinyesi kwa takriban 66% pale maji yanapotoka. Walipoyapima maji majumbani, upungufu ulikuwa 24% tu. Basi hapo katikati kuna nini?

Fuata mtungi mmoja. Ndani una utando wa kijani. Mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi lililookotwa chini. Nyumbani maji yanamiminwa nyunguni, kisha mtoto anatoka kucheza, anachovya kikombe, na vidole vinne vinazama pamoja nacho. Bomba halina kosa hapo. Maji yanahitaji kitu cha kuyalinda mpaka yafike kinywani, na kazi hiyo hufanywa na klorini, dawa inayoua vijidudu.

Ile dawa iliyo kwenye mlingoti karibu na chemchemi hutumiwaje?

Weka mtungi wa lita 20 ukiwa mtupu chini ya dispensa, yaani kile chombo cha klorini kilicho kwenye mlingoti, kisha zungusha koki yake mara moja. Zitatoka mililita 3 hivi. Kisha ujaze maji. Yakiingia yanajikoroga yenyewe. Ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Haiuzwi, ni bure, na wanakijiji huchagua mwenzao wa kuitunza. Iliwekwa pale makusudi: ukiwa umeinama kuteka, dawa iko mbele ya macho, huna haja ya kukumbuka baadaye jikoni.

Kwenye chombo chenye kifuniko, dawa hulinda maji siku moja hadi tatu. Nyungu ya udongo huimaliza nguvu mapema, kwa hiyo usiyalaze humo siku nyingi.

Inanuka. Tumesikia pia inaharibu uzazi.

Haiharibu uzazi, mama. Ndiyo hiyohiyo hutiwa kwenye maji ya mfereji mijini. Harufu kidogo inaonyesha kwamba bado kuna dawa inayolinda. Ikikukera, acha mtungi wazi kidogo mahali safi, itapungua.

Mvua ikileta tope je?

Tope hula nguvu ya dawa. Acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha tia dawa mara mbili. Au yachemshe mpaka yatokote.

Dispensa ikikauka?

Mwambie mtunzaji siku hiyohiyo. Wakati unangoja, chemsha, au nunua dukani dawa ya maji na ufuate kipimo cha kwenye chupa. Dawa ya kufulia nguo usiikadirie kwa macho. Tafadhali.

Mtoto ameshaanza kuharisha. Nimnyime maji ili tumbo likauke?

Hapana, hapana! Kinachoua watoto wetu ni kuishiwa maji mwilini. Mpe ORS, ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari, iliyochanganywa na maji salama kwa kipimo cha kwenye pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Uliza zahanati vidonge vya zinki. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limetulia mapema. Aliye chini ya miezi sita, akiwa mzima, maziwa ya mama yanamtosha, maji hayahitaji; lakini akiharisha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi na umpe ORS pia. Hakikisha pia amepata chanjo ya rota, kirusi kinacholeta kuharisha, ambayo Kenya imekuwa ikitoa tangu 2014.

Macho yakizama, akilia bila machozi, akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Amsha jirani mwenye pikipiki. Njiani, akiweza kumeza, endelea na kijiko.