Kupima hisia kwa kumbukumbu: maana yake

"Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo?" Waliowahi kujaza dodoso la PHQ-9, linalotumika kuchunguza dalili za sonona, wanalijua swali hilo. Jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na maswali yote 9 yakijumlishwa alama hazizidi 27. Huko ndiko kupima hisia kwa kumbukumbu: mtu hapimwi akiwa ndani ya hisia yenyewe, anaulizwa baadaye alijisikiaje.

Njia hii ni nyepesi na haina gharama kubwa, ndiyo maana imeenea. Shida ni kwamba kumbukumbu haiweki hesabu ya kila dakika. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya nyuzi joto 14 kwa sekunde 60. Katika jaribio jingine zilikuwa sekunde 60 zilezile, kisha 30 za ziada huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15, bado baridi ya kuuma. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu! Kilichobaki kichwani ni makali ya juu kabisa na namna mambo yalivyoisha. Urefu wa mateso haukuhesabiwa sana.

Tena kumbukumbu huvutwa na mtazamo wa leo. Mwanasaikolojia Linda Levine aliwahoji wafuasi wa Ross Perot alipojitoa kwenye mbio za urais wa Marekani Julai 1992, akawarudia baada ya uchaguzi wa Novemba. Namna walivyokumbuka hisia zao za Julai ilielekea kufuata walivyomwona Perot wakati huo wa Novemba.

Ndiyo maana watafiti wengine hufupisha umbali: mhojiwa anaigawa siku ya jana vipande vipande, kisha anaeleza hisia za kila kipande. Wengine humuuliza papo hapo, simu ikilia wakati asioutarajia.

Hata hivyo, sioni sababu ya kuyaita majibu ya kumbukumbu uongo. Daktari anayetaka kujua kama mgonjwa atakubali kurudia kipimo kinachouma aulize kumbukumbu, kwa sababu mgonjwa ataamua kwa hiyo. Anayetaka kujua dawa ya ganzi ilifanya kazi kiasi gani, aulize kipimo kikiwa kinaendelea.