Mbwa wako, mawe ya Mwanza na hizi mvua za masika

Mi ni daktari wa mifugo hapa Mwanza. Juzi mteja wangu mmoja wa Nyegezi kanitumia video, jamaa yuko Uswisi anapanda mlima wenye theluji na mbwa wake, mbwa kavaa viatu miguu yote minne, afu chini kaniandikia "dokta, na mimi nimtafutie vya hivi?" Nikacheka. Baadae nikakaa nikaona swali lenyewe lina maana, maana huyu mzee kila Jumapili anapanda mawe ya nyuma ya kwake na mbwa, na sasa hivi ni masika.

Kule kwenye theluji, mwezi wa tatu na wa nne, jua la mchana linayeyusha, usiku inaganda tena. Kwahiyo asubuhi njia ni kioo kitupu, mbwa anateleza kama yuko kwenye vigae vyenye sabuni, ikifika mchana ile theluji imekua uji, anazama mpaka tumboni na vidonge vya barafu vinajibana katikati ya vidole vyake mpaka anachechemea. Njia ni ile ile, ila asubuhi na mchana ni vitu viwili tofauti, ndo maana wenyewe wanaangalia saa kabla ya kutoka.

Na jiwe letu hivyo hivyo. Mvua ikipiga usiku kutoka ziwani, ule utando mweusi na wa kijani ulioshika kwenye miamba unakua mlenda, mtu mwenyewe na raba zake anaanguka sembuse mbwa. Afu jua la Mwanza halinaga utani, likitoka mawingu yakaachia, ikifika saa 5 lile lile jiwe lililokua linateleza limeshakua kikaango. Kwahiyo kama usiku kumenyesha usikurupuke saa 12 na nusu eti kuwahi baridi, subiri mpaka saa 2 jiwe likauke, na saa 4 uwe unashuka. Kama hakujanyesha, hapo wahi alfajiri. Kupima joto ni rahisi, weka mgongo wa kiganja kwenye jiwe uhesabu mpaka saba taratibu, ukishindwa kuvumilia basi na nyayo zake zitaungua. Mbwa anaweza akaungua na akaendelea kukufuata tu, unakuja kugundua jioni anajilamba, ngozi ya chini ya mguu imebanduka kama ganda la kiazi.

Hilo la kuteleza nimelipata mwenyewe na mbwa wangu Popi, kwenye mawe ya Isamilo. Kupanda tulipanda vizuri. Mbwa akipanda anasukuma kwa miguu ya nyuma na kucha zinashika, hana shida, mi ndo nilikua nahema. Shida ni kushuka. Mbwa akiwa amesimama tu sehemu kama asilimia 60 ya uzito wake iko mbele, sasa mwinamishe kwenye mteremko uone hiyo mikono inabeba nini. Akaona mmoja wa wale mijusi wetu wenye kichwa cha pinki na mwili wa bluu (wenye Mwanza yao mnawajua), akamrukia, mi nikavuta kamba ya shingoni, na kule kuvuta ndo kukamtoa kwenye mstari wake. Akaserereka kama mita mbili, ile kucha ya ndani ya mguu wa mbele, ile ya juu isiyogusaga chini, ikanasa kwenye ufa ikang'oka nusu. Damu kibao. Daktari wa mifugo mzima niko mlimani sina hata gozi, nimevua soksi yangu namfunga nayo.

Toka siku hiyo kamba ya shingoni mlimani basi. Natumia mkanda wa kifuani ule wenye mshikio mgongoni, akikwama kwenye jiwe namnyanyua kama begi, na fundi viatu yeyote mzuri anaweza akakushonea ukimpelekea kipimo. Kushuka, we tangulia upande wa chini lakini kaa pembeni yake kidogo, kamba iwe imelegea, muache achague njia mwenyewe hata kama anazunguka. Akisimama akakuangalia anagoma, usimlazimishe, mara nyingi kaona kitu ambacho we hujaona. Kwenye nyufa kuna pimbi, na penye majani makavu anaweza akawepo nyoka kifutu, na huyo hakimbii hata ukimkaribia, analala tu hapo hapo. Mbwa akigongwa na nyoka, usichanje wala usifunge kamba, mbebe asitembee, shuka umpeleke kwa daktari.

Joto nalo. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, likivuka 41 hapo unaongelea uhai. Ukiona ulimi umetoka mrefu, mate yanakua mazito kama gundi, anayumba, usisubiri mfike nyumbani, kivuli kwanza, maji ya kawaida tumboni na kwenye miguu, umpepee. Chupa ya lita moja na nusu ya kwake peke yake beba. Usitegemee mkishuka atakunywa ziwani, kuna siku maji ya pwani yanakua kijani kizito kama mtu kamwaga rangi, hiyo ni sumu na mbwa anaweza akafa siku hiyo hiyo, na kwenye matete mnajua anakaa mamba.

Wingu likianza kunguruma shuka, usiulize. Radi za kanda hii na mwamba mtupu hazifai kabisa.

Kitu kingine watu wanakisahau, milima yetu ina watu. Huko juu unapita kwenye milango ya watu, watoto wengi wanaogopa mbwa na kuna wazee ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, kwahiyo fupisha kamba, pisha njia, salimia. Na chanjo ya kichaa iwe ya mwaka huu, maana mbwa koko mtakutana nao tu. Mkirudi mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Akichechemea usimpe dawa za maumivu za binadamu, panadol na diklofenaki zinaweza kuua mbwa, nimeshawapokea wengi wakiwa wamechelewa.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza akaenda na mbwa wake Kilimanjaro akaione theluji yenyewe. Hapana, hifadhi za taifa haziruhusu mnyama wa kufugwa, hata kisiwa cha Saanane hapo mbele yetu, nacho ni hifadhi ya taifa, usijaribu.

Mzee wangu wa Nyegezi, viatu achana navyo. Jiwe mbwa analishika kwa kucha na nyayo, ukimvalisha unamnyang'anya breki. Soksi moja ya mtoto, gozi na plasta weka mfukoni. Usiku wa kuamkia Jumapili kusiponyesha, mi na Popi tutakua Isamilo kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, njoo na wako.