Konsatina ya Kwanza kwa Muziki wa Asili wa Ayalandi: Dhana Potofu na Ukweli

Konsatina ni ala ndogo ya mvukuto, aghalabu yenye pande sita, ambayo hushikwa kwa mikono miwili na kupigwa kwa vitufe. Katika muziki wa asili wa Ayalandi makao yake makuu ni jimbo la Clare, magharibi mwa nchi, alikoishi Elizabeth Crotty wa Kilrush (1885–1960) na anakotoka Noel Hill. Anayeinunua kwa mara ya kwanza hupewa ushauri mwingi, na baadhi ya ushauri huo humwachia ala isiyoweza kupiga nyimbo anazozitaka.

Dhana: Konsatina ni konsatina, mradi inalia vizuri.

Ukweli ni kwamba jina hili linabeba ala tofauti zinazofanana kwa sura tu. Katika mfumo wa Kiingereza, uliobuniwa na Charles Wheatstone wa London na kupewa hataza mwaka 1844, kila kitufe hutoa noti ileile mvukuto ukisukumwa au ukivutwa, na noti za ngazi (noti zinazofuatana kupanda hatua kwa hatua) hupokezana kati ya mkono wa kushoto na wa kulia. Katika mfumo wa dueti, noti za chini hukaa kushoto na za juu kulia. Mfumo wa anglo, ambao asili yake ni ala aliyoitengeneza Carl Friedrich Uhlig huko Chemnitz, Ujerumani, mwaka 1834, huzaa noti moja mvukuto unaposukumwa na nyingine unapovutwa kwa kitufe kilekile.

Muziki wa Ayalandi hupigwa zaidi kwa anglo. Wapo wanaoamini kuwa mfumo wa Kiingereza unafaa zaidi kwa sababu hauna mabadiliko hayo ya kusukuma na kuvuta, na ni kweli kwamba ngazi yake hueleweka upesi. Lakini kugeuza mvukuto ndiko kunakozitenganisha noti na kuipa ngoma ule msukumo ambao miguu ya wachezaji huusubiri. Msikilizaji wa taarab ya Unguja, aliyezoea kodiani yenye vibao vya kinanda, ambayo noti yake haibadiliki mvukuto ukienda huku au kule, atahisi mara moja kwamba hapa anajifunza jambo jingine kabisa. Wapo wapigaji hodari wa nyimbo za Kiayalandi wanaotumia mfumo wa Kiingereza, ila mwanafunzi anayeuchagua atapata walimu wachache wa kumwongoza.

Dhana: Vitufe 20 vinamtosha mwanafunzi, vya ziada ni vya mabingwa.

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu inaonekana kuwa ya busara na inapunguza bei. Anglo ya vitufe 20 katika C na G ina mistari miwili tu: mmoja una noti za ngazi ya C na mwingine, ulio karibu na kiganja, una noti za ngazi ya G. Ndani yake F# (F iliyopandishwa nusu toni) ipo, lakini C# haipo kabisa, na ngazi ya D haikamiliki bila C#. Nyimbo nyingi mno za Ayalandi hupigwa katika D. Kwa hiyo mwanafunzi atapiga nyimbo za G bila shida, kisha atafika kwenye wimbo wa D na kukuta pengo ambalo hakuna ustadi wa vidole unaoweza kuliziba. Ni kweli kwamba zamani watu wengi wa Clare, wanawake hasa, walipiga ala za Kijerumani za mistari miwili, na walichokifanya kwa ala hizo kinastahili heshima kubwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa leo anayetaka kupiga pamoja na fidla na filimbi anahitaji vitufe 30, ambavyo huongeza mstari wa tatu wenye C# na noti nyingine za ziada. Mstari huo hupangwa kwa namna mbili zenye majina ya watengenezaji wa London, ya Wheatstone na ya Jeffries. Ile ya Jeffries hutoa C# upande wa kulia kwa kusukuma na kwa kuvuta pia, jambo ambalo wapigaji wengi wa Kiayalandi hulipenda, lakini hata ile ya Wheatstone inafaa kuanzia.

Dhana: Kwa kuwa nyimbo nyingi ziko katika D na G, inunuliwe anglo ya D na G.

Hesabu hiyo inavutia, lakini mtindo wa Clare umejengwa juu ya C na G, ambapo mpigaji huvuka kutoka mstari mmoja hadi mwingine badala ya kubaki kwenye mmoja, na mafunzo hufuata mpangilio huo.

Dhana: Ya kale ndiyo bora.

Ala za Jeffries zina sifa zinazostahili. Hata hivyo, nyingi za kale, zikiwemo za mtengenezaji Lachenal, zilirekebishwa kwa sauti iliyo juu ya kipimo cha leo, ambacho noti A ni hezi 440, na nyingine zina vali za ngozi zilizokauka. Matengenezo yake huongeza gharama ambayo muuzaji haitaji. Ala mpya ya vitufe 30 yenye ndimi (vibamba vya chuma vinavyotoa sauti) za kodiani, mfano modeli ya Rochelle, hailii kama Jeffries, lakini noti zake zote zipo na mwanafunzi hujifunza vema kwayo.

Iwe mpya au ya kale, ikaguliwe kabla ya kulipiwa. Kila kitufe kibonyezwe taratibu kwa kusukuma na kwa kuvuta, noti zote ziitike bila kuchelewa, na kitufe kirudi juu mara kinapoachiwa. Kisha ala ishikwe upande mmoja na kuachwa ining'inie bila kubonyeza kitufe chochote: mvukuto ukifunguka polepole, ni salama, ukiporomoka kwa ghafla, hewa inavuja.