Kipimo cha saratani ya matiti kwa Walatino wa kipato cha chini Marekani: maswali na majibu

Je, wanawake Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, huugua saratani ya matiti zaidi kuliko wengine?

Hapana. Kwa jumla wanaougua ni wachache kuliko miongoni mwa wanawake weupe. Lakini hakuna saratani inayoua wanawake Walatino wengi kama hii, na mara nyingi kwao hugundulika ikiwa imeshasambaa. Ikikutwa ingali ndani ya titi, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huwa hai miaka 5 baadaye. Ikishafika kwenye mifupa, mapafu au ini, wanaofikisha miaka hiyo ni takriban theluthi moja.

Kipimo kianze lini?

Tangu 2024, jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga linashauri mamografia, yaani eksirei ya matiti, kila baada ya miaka 2 kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. Mwenye mama au dada aliyeugua amuone daktari mapema zaidi. Ukiona uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, usingoje zamu yako ya kupimwa. Nenda.

Kwa nini wanachelewa? Ni ukosefu wa elimu?

Jibu hilo hupendwa sana na wenye kampeni za utepe wa pinki, alama ya mapambano dhidi ya saratani ya matiti, nami silikubali. Wengi wanajua saratani ni nini. Chukua mama anayechuma zabibu katika Bonde la Kati la California au anayesafisha vyumba vya hoteli Houston: asipofika kazini halipwi, kliniki hufunguliwa saa zilezile za kazi yake, na gari la familia analo mume. Bima hana, na jimbo la Texas lilikataa kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa maskini. Kama hana makaratasi ya ukaazi, hata kuandika jina lake kwenye fomu ya hospitali kunamtia hofu. Aibu ya kuvua nguo mbele ya mgeni ipo, na wapo wanaoona heri wasijue. Ila nikipanga sababu, pesa na muda naviweka mbele.

Ndiyo maana kinachosaidia ni gari la mamografia linaloegeshwa kanisani Jumamosi, pamoja na wale wanaoitwa promotora: wanawake wa mtaa huohuo, wanaozungumza Kihispania, waliofunzwa kuelimisha wenzao, kuwapangia miadi na hata kuwasindikiza.

Asiye na bima afanye nini?

Sheria ya mwaka 1990 ilianzisha mpango wa kitaifa, chini ya CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, wa kupima bure au kwa bei nafuu wanawake wa kipato cha chini. Kila jimbo lina tawi lake. La California linaitwa Every Woman Counts. Masharti hutofautiana, kwa hiyo uliza kliniki ya jamii iliyo karibu au piga 211, namba ya simu ya kuulizia huduma za kijamii. Uliza swali hili pia: picha ikionyesha kasoro, vipimo vya ziada na kukatwa kipande kidogo cha titi ili kichunguzwe maabara, nani analipa? Wengi hukwama hapo, kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa bure na ya pili ikaja na bili. Tangu 2000, majimbo yanaweza kumpa Medicaid mwanamke aliyegunduliwa kupitia mpango huu, ingawa hali ya mtu ya uhamiaji bado ni kikwazo.

Nikiitwa tena baada ya mamografia, nina saratani?

Wengi wanaoitwa tena hawana. Rudi hata hivyo.

Sijui Kiingereza. Mwanangu anitafsirie?

Usimtwike mtoto habari kama hiyo. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Haki hiyo si ya wasemaji wa Kihispania peke yao: mama Mkongomani aliyepokelewa Texas kama mkimbizi anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili, hata kwa simu. Aombe siku anapopanga miadi, si akiwa ameshafika mapokezi.