Vilima vya Uingereza kwa baiskeli: yanayosemwa na yaliyopo barabarani

"Uingereza hakuna milima"

Mtu aliyekulia Mbeya au Nyeri akisikia kuna watu wanafunga safari hadi vijiji vya Uingereza kwenda kupanda milima kwa baiskeli, hucheka. Milima ipi? Kwa hesabu ya kimo acha acheke. Ukiziweka kando Scotland na Wales, kilele kirefu kuliko vyote ni Scafell Pike, mita 978. Anayenunua sukuma wiki sokoni Nairobi amesimama juu kuliko hapo kwa mamia ya mita.

Ila anayenyonga pedali haumizwi na kimo cha mlima, anaumizwa na ukali wake. Chukua barabara ya Hardknott, katika eneo la maziwa la Lake District, inayounganisha bonde la Eskdale na bonde la Duddon. Pale juu kabisa ni mita 393 tu. Lakini sehemu zake kali hufika asilimia 33, maana yake kila mita tatu unazosonga mbele umepanda mita moja. Alpe d'Huez ya Ufaransa, inayoogopwa na dunia nzima, ina urefu wa karibu kilomita 14 na wastani wa asilimia 8. Kule Ufaransa mtu hupata mwendo wake, akatulia, akapanda saa nzima. Hardknott hakuna kutulia. Ukikaa nyuma kwenye kiti, gurudumu la mbele linainuka. Ukisimama na kuinamia usukani, na lami ikiwa na unyevu, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Inabidi uweke kifua chini, makalio yaguse ncha ya kiti tu, na upumue kwa kelele bila aibu. Wengi hushuka wakasukuma, na wala si dhambi.

Tofauti hiyo ina sababu. Barabara nyingi za Alps zilichongwa kwa hesabu, kona baada ya kona, ili mikokoteni na baadaye magari yapande bila kukwama. Njia nyingi za vilima vya Uingereza zilianza kama mapito ya waenda kwa miguu na farasi wa mizigo, ambao hawakuona haja ya kuzunguka. Baadaye zikamwagiwa lami zikiwa vilevile. Hardknott ilishapitwa na Warumi, na magofu ya ngome yao ya karne ya 2 yapo mpaka leo upande wa magharibi, chini kidogo ya pale barabara inapovuka. Huko North York Moors, nyika ya vilima kaskazini-mashariki, kilima cha Rosedale Chimney nacho kinafika asilimia 33. Porlock, pwani ya nyika ya Exmoor huko kusini-magharibi, wenyeji walitafuta nafuu: barabara kuu inapanda kwa asilimia 25, na pembeni yake kuna nyingine ya kulipia inayozungukazunguka msituni taratibu. Kwa maoni yangu ile ya kulipia ndiyo nzuri zaidi, na bahari unaiona vizuri.

Kabla ya kuamini mita, basi, soma ukali. Vibao vya zamani huandika 1:4, vya sasa 25%, na ni kitu kilekile. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, kuna vishale vidogo juu ya barabara: kishale kimoja ni asilimia 14 hadi 20, viwili ni zaidi ya 20. Vinaelekeza bondeni. Ukiona viwili vinakutazama, ujue unapanda.

"Kusini ni tambarare"

Hii husemwa hata na Waingereza wenyewe, hasa wa kaskazini. Kweli kusini hakuna Hardknott. Lakini nenda jimbo la Devon, kusini-magharibi. Ukiondoa nyika za Dartmoor na Exmoor, vilima vyenyewe havitishi kwa kimo. Kuna mito midogo isiyohesabika, na kila barabara inashuka hadi kwenye kijito, inavuka daraja, inapanda ng'ambo, kisha inaanza upya. Kupanda mita 60 ni mchezo wa watoto. Kupanda mita 60 mara ishirini na tano ni mita 1,500, na jioni magoti yatakusomea hesabu hiyo.

Box Hill, kule Surrey, ndicho kilima maarufu kuliko vyote vya kusini, na sifa zake zimezidi ukali wake. Mashindano ya barabarani ya Olimpiki ya London 2012 yalipita hapo: wanaume mizunguko tisa, wanawake miwili. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia mbio zake Kenya, alikipanda siku ile akiwa na timu ya Uingereza, mwaka mmoja kabla ya kushinda Tour de France kwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba ni kilomita 2.5 hivi, wastani wa asilimia 5, lami nzuri na kona pana. Anayeanza asiogope. White Down Lane, njia ya jirani ambayo watalii hawaijui, ni fupi na kali kuliko Box Hill.

Halafu kuna Cotswolds, yenye vile vijiji vya mawe ya rangi ya asali unavyoviona kwenye kalenda. Watu hudhani ni matembezi ya Jumapili. Tazama kijiji cha Broadway kilipo: chini kabisa ya ukingo wa miamba ya chokaa, wakati mnara wa Broadway uko juu yake, kwenye mita 312. Mvua hupenya kwenye chokaa, ikikutana na udongo wa mfinyanzi inatokeza nje kama chemchemi, na watu wa kale walijenga penye maji. Ndiyo maana vijiji vingi vya aina hiyo viko mguuni pa kilima. Wewe unafika kwa raha, unakula keki na chai, kisha mlango wa kutokea ni mpando, keki ikiwa bado ipo kooni.

"Mvua haikatiki"

London hupata karibu milimita 600 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Tofauti ni kwamba Dar inamwaga kwa pamoja, Uingereza inanyunyiza siku nyingi. Lakini usiiweke nchi nzima kapu moja: Seathwaite, kijiji cha Lake District, hupata takriban milimita 3,500.

Mimi nahofia upepo na giza kuliko mvua. Upepo mara nyingi hutoka kusini-magharibi, ndiyo maana ile njia ya baiskeli inayokatiza kaskazini mwa nchi pwani hadi pwani, ya kilomita 225 hivi, wengi huianzia Whitehaven au Workington, magharibi, wakamalizia Tynemouth au Sunderland, mashariki, upepo ukiwasukuma mgongoni. Na mwanga: Juni unaona njia hadi karibu saa nne usiku, Desemba jua limezama kabla ya saa kumi alasiri. Usiku taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria. Kofia ya kinga si sheria, ingawa mimi sishuki Hardknott bila hiyo.

"Barabara za kijijini ni salama, magari machache"

Machache, ndiyo. Lakini nje ya vijiji barabara hizo kwa kawaida zina kikomo cha maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96, hata pale ambapo magari mawili hayapishani. Devon njia nyingi zimezama kati ya kuta za udongo na vichaka vinavyopita kichwa. Huoni kinachokuja, unasikiliza. Tangu Januari 2022 mwongozo wa barabara unamtaka dereva aache angalau mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli, na unakuruhusu kukaa katikati ya njia yako penye wembamba, au kwenda wawili sambamba. Unaendesha kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Aliyetoka Bujumbura, Kigali au Bukavu awe macho hasa kwenye njia panda tupu asubuhi, maana hapo hakuna gari la kumkumbusha.

Hatari nyingine hazina injini. Kondoo hulala barabarani na hawana haraka. Kuna vyuma vya mviringo vilivyopangwa kukingama barabara juu ya shimo ili mifugo isivuke: vipite kwa mwendo, gurudumu likiwa limenyooka, bila kugusa breki, hasa vikiwa vimelowa. Na wakulima hawaruhusiwi kukata uzio wa miti kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, kwa ajili ya ndege wanaotaga; kwa hiyo Septemba mashine zinaingia kazini na miiba inatapakaa kwenye lami. Msimu huo beba tyubu mbili.

"Bila baiskeli ya mamilioni huwezi"

Gia ndizo zinazopanda, bei haipandi. Meno 34 mbele na 34 nyuma, hata kwenye baiskeli ya mtumba, yatakufikisha mahali ambapo fremu ya kaboni yenye gia ngumu itakushusha. Hela ikibaki, weka kwenye breki.

"Kila kijiji kina duka"

Vingi havina. Baa za kijijini nyingi hupika kwa saa maalumu tu mchana, na ukichelewa unabaki na pakiti ya krispi. Maji yakiisha, tafuta kanisa: makaburini mara nyingi kuna bomba la kumwagilia maua, ila soma kwanza kama limeandikwa kuwa si ya kunywa.

Anayeitaka Hardknott bila gari ashuke treni Ravenglass, pwani ya Cumbria, baada ya kuuliza mapema kuhusu nafasi ya baiskeli, kwa sababu treni nyingi hubeba chache. Kutoka hapo barabara inapita Eskdale Green na Boot, kwa upole unaodanganya, na upande huo wa magharibi ndio mgumu zaidi.