Kitabu hakimo kichwani mwa mtangazaji

Wiki iliyopita mzee mmoja mstaafu alifika ofisini kwangu Makole, hapa Dodoma, akaketi, akaomba maji ya kunywa, kisha akatamka maneno ambayo nimeyasikia kwa karibu kila mtangazaji mkongwe aliyewahi kuniletea mswada: "Mwanangu, nimetangaza habari za kimataifa miaka thelathini, kitabu kizima kimo kichwani. Wewe nitafutie tu mtu wa kuchapa." Namheshimu kwa umri wake na kwa sauti ambayo nimekua nikiisikia redioni, lakini katika kazi hii ya kuhariri vitabu vya siasa za nje hakuna dhana inayonichosha kama hiyo.

Habari ya redio huandikwa kwa ajili ya sikio, tena kwa ajili ya siku ile ile. Imejaa "leo", "jana" na "kiongozi huyo", maneno ambayo msikilizaji wa jioni hiyo aliyaelewa bila shida na ambayo baada ya miaka ishirini hata aliyeyasoma hewani hawezi kuyafafanua. Kanda nazo zilikuwa ghali, na nyingi zilifutwa ili zirekodiwe vipindi vingine. Kinachobaki ni kumbukumbu, nayo haitofautishi jambo ulilolishuhudia na jambo ulilolisoma miaka kumi baadaye.

Mfano ninaoutumia daima ni wa tarehe 6 Aprili 1994. Marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi walitoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa kanda, na ndege iliyowabeba ikatunguliwa usiku huo ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Nimepokea zaidi ya mswada mmoja ambamo mwandishi anasimulia jinsi alivyoiona hofu usoni mwa Habyarimana akiagwa. Nikimwuliza alisimama umbali gani, na kama aliyaandika hayo jioni ile kabla habari za Kigali hazijafika, hununa. Simwiti mwongo. Nasema tu kwamba hofu hiyo yaelekea iliingia usoni mwa marehemu baada ya mwandishi kujua mwisho wa safari.

Kosa la pili linatoka kwenye mzizi huo huo, nalo ni kudhani kwamba aliyekuwapo siku ya kutia saini anaujua mkataba. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 4 Agosti 1993, kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF, yalikuwa mkusanyiko wa itifaki zilizojadiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, zikihusu utawala wa sheria, kugawana madaraka, kurejea kwa wakimbizi na kuunganisha majeshi. Mtangazaji aliyekwenda Arusha siku ile aliziona kalamu na mikono ikipeanwa. Msomaji wa kitabu anataka kujua ilikuwaje RPF ikapewa asilimia 40 ya askari na nusu ya maofisa wa jeshi jipya, nani mjini Kigali aliiona hesabu hiyo kuwa ni kusalimu amri, na wapatanishi waliitegemea vipi. Majibu hayo hayamo katika kumbukumbu za aliyekuwa akisubiri nje ya ukumbi. Yamo katika itifaki zenyewe na kwa watu waliokuwa ndani.

Kwa hiyo kila kijana wa utangazaji anayepita hapa namlazimisha, na neno ni hilo hilo kulazimisha, aweke daftari la karatasi lenye safu tatu: nimeona, nimeambiwa, nimesoma. Kila ukurasa uwe na namba, tarehe kamili na jina la mahali. Aliyekwambia jambo aandikwe na cheo alichokuwa nacho siku hiyo, kwa sababu katibu wa leo kesho ni waziri, na maneno yake hubadilika uzito. Wengi hunicheka na kunionyesha simu zao. Simu hupotea.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Wapo wanaoamini kwamba kazi ya utangazaji ni sauti tu. Mmarekani Edward R. Murrow, ambaye sauti yake kutoka London wakati wa Vita Kuu ya Pili bado hufundishwa, alipelekwa huko na shirika la redio la CBS mwaka 1937 kupanga wazungumzaji wa vipindi, wala si kuripoti. Aliposimama mbele ya kipaza sauti Vienna, Machi 1938, alikwisha kujua nani ni nani Ulaya.

Wapo pia wanaosema kwamba habari za kimataifa haziwezi kufanyika Dodoma. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo masharti yake yanahitaji kuridhiwa, na Bunge liko hapa. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika uliridhiwa katika ukumbi huo Septemba 2021, na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya mjadala huo inasomeka na yeyote mwenye subira. Hata hivyo bado nasikia watangazaji wakisema mkataba "umeridhiwa" siku ulipotiwa saini tu, kosa ambalo mhariri yeyote wa zamu angepaswa kulikamata.

Na wapo wanaonitajia Benjamin Mkapa kama ushahidi kwamba uandishi wa habari ni ngazi ya kupandia ubalozi na uwaziri. Mkapa aliingia Mambo ya Nje mwaka 1962, na uhariri wa magazeti ulikuja baada ya hapo.

Yule mzee, baada ya kunung'unika kidogo, alikumbuka kwamba daftari zake za 1992 hadi 1994 zimo kwenye sanduku la bati nyumbani kwa dada yake, Kondoa. Nimemsihi asichape hata aya moja mpaka zifike.